Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpeni Jembe

Wiki ya nne ya muhula wangu wa kubadilishana wanafunzi katika chuo cha ugenini, mhadhiri alitugawa makundi ya watu wannewanne na kutupa kazi ya kuchambua takwimu. Tulikaa kwenye meza ya maktaba, wenzangu watatu wote wenyeji wa chuo kile, wote watu wema. Mmoja akachukua ukusanyaji wa data, wa pili mahesabu, wa tatu uandishi wa matokeo. Halafu wakanigeukia wakitabasamu: wewe siku ya kuwasilisha utasoma ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la kozi, majina yetu wanne na tarehe.

Hawakuwa na nia mbaya hata chembe. Walijua lugha yao bado inanipiga chenga, walijua baada ya miezi mitano nitaondoka, na walitaka nifurahie muda wangu kwao. Walinifanyia ukarimu. Lakini mtihani uliokuwa mbele yangu ulikuwa uleule uliokuwa mbele yao, na jina langu lilikuwa kwenye kazi ile sawa na majina yao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumsema mgeni aliyezidisha siku, kana kwamba jembe ni namna ya kumfukuza. Mimi naisoma kwa upande wake wa pili. Jembe ndilo linalomwinua mgeni kitini na kumpeleka shambani pamoja na wenye nyumba. Asiyepewa jembe atakirimiwa mpaka siku ya kuondoka, na ataondoka bila kujua watu wale wanalimaje. Ninachokiona katika mipango ya kubadilishana wanafunzi ni hiki: chuo mwenyeji kinamweka mwanafunzi kwenye kiti cha mgeni muhula mzima, na chuo alichotoka kinampokea akirudi kana kwamba alikuwa matembezini. Makosa hayo mawili yanashikana, na yote mawili hufanyika maofisini, mara nyingi kabla mwanafunzi hajafunga sanduku.

Utaratibu huu haukuanza kama matembezi. Julai 1923, wanafunzi 8 wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walipanda meli kwenda Ufaransa wakiwa na mwalimu wao Raymond Kirkbride, aliyekuwa amepigana huko katika Vita Kuu ya Kwanza na kurudi na wazo kwamba vijana wanapaswa kuishi na kusoma kwa watu wengine ili wawaelewe. Hawakupelekwa moja kwa moja kwenye kumbi za mihadhara za Paris. Walianzia Nancy, mji wa mashariki mwa Ufaransa, wakapigwa msasa wa lugha kwanza, ndipo wakahamia Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. Walikaa mwaka mzima wa masomo. Lugha ilitangulia, na muda ulikuwa wa kutosha kwa mtu kukosea, kusahihishwa na kujaribu tena.

Leo muhula mmoja umekuwa jambo la kawaida. Erasmus, mpango mkubwa wa Ulaya ulioanza 1987 kwa nchi 11 na wanafunzi 3,244 katika mwaka wake wa kwanza, unaruhusu kipindi cha masomo cha miezi 2 hadi 12. Sina ugomvi na ufupi huo. Muhula mmoja ni nafasi ambayo mwenye kazi ya jioni, mwenye mzazi anayemuuguza au mwenye kozi ngumu isiyoruhusu mwaka mzima anaweza kuimudu. Ila muda ukiwa mfupi, hakuna siku za kupoteza katika kukaribishwa.

Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alizungumza Rio de Janeiro kuhusu kile alichokiita mshtuko wa utamaduni. Katika maelezo yake, awamu ya kwanza ya mtu aliyehamia ugenini ni fungate. Kila kitu kinampendeza, anakaa hotelini, na wenyeji anaokutana nao ni wale wanaojua lugha yake na wanaowafanyia wageni adabu. Awamu hiyo, alisema, inaweza kuwa ya siku chache, ya majuma, au kufika hata miezi 6. Kiswahili kimeipa fungate siku saba tu. Ukimpa mtu fungate ya miezi 6 na safari yake ni ya miezi mitano, hesabu ni rahisi: anarudi nyumbani bado yumo ndani ya fungate.

Mwaka mmoja baadaye Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwe, alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi. Waliokaa chini ya miezi 6 walisema walizoea vizuri. Waliokaa zaidi ya miezi 18 nao walisema hivyo. Waliokuwa na hali mbaya ni wale wa katikati, wa miezi 6 hadi 18. Hapo ndipo lilipotoka wazo la mchoro wenye umbo la herufi U, ambao hadi leo huoneshwa katika semina za kuwaandaa wanafunzi wanaosafiri.

Mchoro huo umepingwa, na kwa haki. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa Kijapani waliokwenda New Zealand, wakakuta dhiki ni kubwa zaidi mwanzoni kabisa, siku za kufika, kisha inapungua. Hakuna fungate hapo. Nilipoyasoma yote mawili sikuona sababu ya kuchagua upande, kwa sababu kwa mtu wa muhula mmoja mwisho ni uleule. Kama Lysgaard yuko sahihi, mwanafunzi anaondoka kabla ugumu haujaanza, akidhani ameijua nchi. Kama Ward yuko sahihi, anaondoka pale mwili na akili vimetulia na yuko tayari kujifunza. Katika hali zote mbili, kumwachia muda umfanyie kazi ni kumwonea, maana muda wenyewe haupo.

Ndiyo maana swali la analala wapi ni kubwa kuliko linavyochukuliwa. Vyuo vingi huwapangia wanafunzi wa kubadilishana jengo moja. Sababu inaeleweka: mikataba ya vyumba ni ya miezi michache, ufunguo unatolewa kwenye dawati moja, na mratibu akitaka kuwatangazia jambo anajua pa kuwapata. Wanapewa wiki ya ukaribisho, wanapelekwa kutembezwa, na mara nyingine wanafunguliwa kozi zao wenyewe kwa lugha ya kimataifa, ambazo wenyeji hawazichukui. Matokeo yake mtu anatoka nchi moja, anaishi na watu wa nchi kumi, anacheka nao, anapendana nao, wanalia pamoja siku ya kuagana, na hajui jina la mwenyeji hata mmoja zaidi ya mratibu. Sidharau urafiki huo. Baadhi ya watu ninaowapigia simu hadi leo niliwapata kwenye kundi hilo. Lakini urafiki wa wageni kwa wageni ungeweza kupatikana katika mji wowote, na haukuhitaji chuo kile wala lugha ile.

Mimi nilipata bahati ya kasoro. Jengo la wageni lilikuwa limejaa, nikapewa chumba kwenye ghorofa ya wanafunzi wa kawaida, sita tunaotumia jiko moja. Mlangoni pa jiko palibandikwa karatasi ya zamu za usafi: majina matano kwa siku tano, na Jumamosi na Jumapili kila mtu ajisafishie. Langu halikuwemo. Nilipitisha miezi miwili nikipika katika jiko ambalo wenzangu walilisafisha, na kila nilipojaribu kuchukua ufagio mtu aliniambia acha tu, usijisumbue. Nilikuwa kuku mweupe kabisa. Mazungumzo yao yakinifikia yanageuka kuwa ya polepole na ya jumla: unaonaje hali ya hewa, umeshatembea wapi. Nikitoka tu nawasikia wakirudi kwenye kasi yao, wakigombana kuhusu mhadhiri, kodi, nani kamaliza sabuni.

Jioni moja katikati ya mwezi wangu wa tatu pale nilikuta mtu ameandika jina langu kwa kalamu ya wino, limebanwa kati ya Jumatano na Alhamisi, na Alhamisi imegawanywa mara mbili. Hakuna aliyesema chochote. Alhamisi hiyo nilisahau kutoa taka. Ijumaa asubuhi mmoja wao akanisema, kwa sauti ya kawaida, kwa lugha ya kawaida, kasi yote, na maneno mawili ambayo hayamo kwenye kitabu cha somo la lugha. Niliyaelewa yote. Kuanzia siku hiyo lugha yangu ilikwenda mbio kuliko ilivyokwenda miezi yote miwili iliyotangulia, kwa sababu sasa nilikuwa na jambo la kujitetea.

Huo ndio mfano wa jembe ninaousema. Halihitaji bajeti. Linahitaji mtu wa kuliandika jina kwenye orodha. Chuo mwenyeji kinachotaka kulifanya kwa makusudi kinaweza kuwachanganya wageni na wenyeji kwenye ghorofa, kuwapa nafasi halisi maabara badala ya kusimama pembeni wakitazama, kuweka sharti kwamba kila mwanakundi anawajibika kwa sehemu inayopimika ya kazi, na kuwafanyisha mtihani uleule. Huo wa mwisho unawakera wengi. Wapo wahadhiri wanaomhurumia mwanafunzi wa kubadilishana na kumpa insha fupi nyepesi badala ya mtihani, au kumwongezea alama kwa sababu ya lugha. Muda wa ziada na ruhusa ya kamusi ni haki, navitetea. Alama za huruma ni kumwambia mtu kwamba hatukutarajia kitu kutoka kwako.

Sasa upande wa nyumbani, ambako mimi naona uzito zaidi.

Historia ya Erasmus yenyewe ilianzia kwenye aibu ya kaunta. Sofia Corradi, Mwitaliano aliyesoma sheria, alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa ufadhili wa Fulbright na kurudi na shahada ya uzamili. Mwaka 1958 alipopeleka masomo yake yatambuliwe katika chuo chake Roma, alikataliwa, tena mbele ya wanafunzi wengine. Kosa lake ni kwamba alisoma kwingine. Corradi hakulisahau jambo hilo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 aliandika mapendekezo, akayapeleka kwa wakuu wa vyuo na wanasiasa, akarudi tena na tena, hadi Ulaya ikaukubali mpango mwaka 1987. Wakamwita Mama Erasmus. Alifariki dunia mwaka 2025, na hadi wakati huo watu zaidi ya milioni 15 wa kila aina walikuwa wamepita katika mpango huo na warithi wake.

Ninaloliona katika maisha ya Corradi ni kwamba hakuanza na ndoto ya vijana kufahamiana. Alianza na karatasi ya matokeo iliyokataliwa. Na karatasi hiyo bado inakataliwa. Mwanafunzi anarudi, anapeleka transkripti ofisini, anaambiwa kozi hii haina msimbo kwetu, ile inafanana na yetu kwa nusu tu, hii nyingine idadi ya saa haitoshi. Mwisho analazimika kurudia masomo aliyokwisha kufaulu, na muhula unaongezeka kwenye shahada yake. Anayelipa ni yeye na wazazi wake.

Ugumu wa kulinganisha upo, sisemi haupo. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, kwa hiyo muhula ni 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwa kazi ileile Uingereza huhesabu 60 kwa muhula, na vyuo vingi vya Marekani huhesabu 15 hivi. Mtu akilinganisha namba bila kuangalia kilichomo ndani, anaweza kuona kazi ya muhula mzima kuwa robo ya muhula. Alama nazo zina mitego. Ujerumani 1.0 ndiyo bora kabisa na 5.0 ni kufeli. Italia hupima kwa 30 na kufaulu ni 18. Ufaransa hupima kwa 20, kufaulu ni 10, na mwenye 16 ni mwanafunzi wa kuvuliwa kofia. Uingereza 70 ni daraja la juu kabisa. Sasa chukua 16 ya Ufaransa uigeuze kwa kuzidisha mara tano, utapata 80, na katika chuo ambacho nusu ya darasa hupata 80 mwanafunzi huyo ataonekana wa kawaida, ilhali kule alikokuwa huenda watu wawili watatu tu ndio waliomfikia. Njia ya haki inajulikana, na mwongozo wa krediti wa Ulaya wenyewe unaipendekeza: chuo kitoe jedwali linaloonesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi hupata kila alama, ili nafasi ya mtu darasani ilinganishwe na nafasi, si namba na namba.

Lakini mzizi wa tatizo hauko kwenye hesabu. Uko kwenye wakati. Maamuzi haya yanapaswa kufanywa kabla ya safari, kwenye mkataba wa masomo unaosainiwa na pande tatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo mwenyeji. Ukishasainiwa kwamba kozi fulani itasimama badala ya kozi fulani, kilichobaki ni kufaulu. Mkuu wa idara anayesaini bila kusoma, au anayesema nenda tu tutayaongea ukirudi, amemtupa mwanafunzi mikononi mwa karani ambaye hana mamlaka ya kuamua na kwa hiyo ataamua kukataa. Simlaumu karani. Anamlinda mtu aliyemwachia mzigo usio wake.

Kalenda pia hupuuzwa. Muhula wa baridi wa Ujerumani unaanza Oktoba, na mihadhara na mitihani hufika Februari. Mwanafunzi ambaye chuo chake kinafungua Januari anakabiliwa na chaguo la kukimbia mtihani kule au kukosa mwanzo wa muhula huku. Japani mwaka wa masomo unaanza Aprili, Australia Februari au Machi. Mambo haya hayabadiliki kwa dharura, yako wazi miaka yote, na bado kila mwaka wapo wanaoyagundua wakiwa wameshakata tiketi.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa sababu ukweli wake ni mfupi na mchungu. Katika mikataba mingi ya kubadilishana mwanafunzi analipa ada nyumbani na halipi chuo mwenyeji, na hilo huwafanya wakubwa waseme kwamba mpango ni wa bure. Chumba si cha bure. Viza si ya bure, wala bima, wala uthibitisho wa benki kwamba utajimudu, ambao balozi nyingi huudai. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo kwa anayekwenda Ulaya viza ya matembezi ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za huko, haitoshi, inatakiwa viza ya kitaifa ya nchi husika, na hiyo ina foleni yake. Ufadhili unaoingia kwenye akaunti wiki ya sita haumsaidii mtu anayedaiwa chumba wiki ya kwanza. Chuo kinachotaka wasio na uwezo nao waende, kitoe fedha kabla ya kuondoka. La sivyo orodha ya wanaokwenda itaendelea kuwa orodha ya waliokwisha kusafiri.

Kisha kuna kurudi. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, na ngamani hakuna anayekuuliza ulisoma nini. Wanauliza ulifurahi? Ofisi inakupa fomu ya kujaza kuhusu kuridhika kwako, kuanzia moja hadi tano. Nilijaza tano kila mahali, na nilikuwa mkweli, lakini fomu ile haikunipa mahali pa kuandika kwamba nimejifunza njia ya kusafisha data ambayo idara yetu haifundishi. Hakuna mhadhiri aliyeniita niwaoneshe wenzangu. Kozi mpya niliyoibeba kichwani ikabaki kichwani. Saa moja tu ya darasa, mwanafunzi aliyerudi asimame mbele aeleze jambo moja la kitaaluma alilolikuta kule na ambalo halipo hapa, ingemfaidi kila aliyebaki. Hilo nalo ni jembe.

Nirudi kwenye meza ya maktaba. Nilisoma ukurasa wa kwanza, kama nilivyopangiwa, na watu wakapiga makofi. Kazi ya pili ya kundi ilikuja baada ya jina langu kuandikwa kwenye zamu za jiko, na safari hii sikusubiri kugawiwa. Nilisema nachukua majedwali. Wakatazamana, mmoja akauliza kama nina hakika, nikasema ninayo. Nilikesha siku mbili. Niliondoka kabla alama hazijatoka, na ndege ilipotua na simu ikawaka, nilikuta ujumbe wa yule mwenzetu wa mahesabu, hauna salamu wala habari za safari: jedwali lako la pili safu ya nne umejumlisha vibaya, nimerekebisha, angalia kama ndivyo.

Sikungoja nifike nyumbani. Nilitafuta kiti hapohapo karibu na mikanda ya mizigo, nikafungua kompyuta, nikaiangalia safu ya nne.